Mlio wa Pikapu ya Baba

Kwa miaka minne niliifufua pikapu ya baba, ile aliyobebea mananasi ya Kiwangwa. Nilichomelea bodi, nikafunga springi mpya, nikaing'oa injini yake iliyokuwa ikikohoa na kuweka nyingine, tulivu kabisa. Mafundi wakanisifu. Wajinga sisi! Baba alikuwa kipofu tangu kabla sijaanza kazi hiyo. Zamani nikirudi nayo, mlio wake tu ulimwinua barazani, akapapasa ukuta kwenda kunifungulia geti.

Siku niliyoirudisha nyumbani, hakuinuka. Nikazima injini, nikashuka.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Nani kakuleta? Mkaribishe ndani." Kisha akashusha sauti. "Niambie ukweli. Pikapu yangu umeiuza?"