Evodi na Ndege Iliyochemsha

Evodi wa Majengo alikuwa fundi wa malori na mashine za kusaga, na alikuwa na sharti moja lililowachosha mafundi wenzake. Akishatengeneza gari, anapanda yeye kwanza, anakaa mbele na dereva, wanakwenda Kasokola na kurudi. Mafundi wasiofanya hivyo aliwasema vibaya kila kijiwe. Alikuwa mtu wa kujisifu, na kusema kweli nilimchoka.

Mwaka 1996 Mzungu mmoja, rubani aliyekuwa akihesabu tembo kwa ndege, alipasukiwa na mpira wa maji ya injini hapo kwenye uwanja wa ndege wa Mpanda. Ndege yenyewe ilikuwa ndogo, ya watu wawili. Injini yake haikuwa na pistoni. Ndani kilizunguka chuma cha pembe tatu, ila ilipozwa kwa maji kama ya lori. Evodi aliitwa, akafunga mpira wa lori, akajaza maji, wakawasha. Dakika chache tu, mshale wa joto ukafika kwenye nyekundu.

Evodi akasema kuna hewa imebanwa ndani, inazuia maji kupita. Lori angelipandisha pua kwenye kichuguu ili hewa ikimbilie juu, kwenye kifuniko. Uwanja ule ni tambarare. Basi injini ilipopoa, rubani alituonyesha pa kushika, tukaukandamiza mkia watu wanne, pua ikainuka. Maji yakabubujika, yakashuka, Evodi akaongeza mpaka yakatulia. Wakawasha tena, mshale ukakaa mahali pake.

Hapo Ngusa, mfugaji aliyeshika mkia pamoja nami, akamkumbusha sharti lake. Watu wakacheka, na mimi nikacheka kwa furaha kabisa. Evodi alikuwa mtu wa kuogopa hata ngazi ya kuezekea. Alipanda, akafungwa mkanda, uso umempauka.

Ndege ikaenda hadi mwisho wa uwanja, ikasimama, ikazimwa. Evodi akashuka, akasema amesikia kitu kinagonga kwenye maji, tukandamize tena. Rubani alimwonyesha mshale, uko sawa. Sisi tukaguna. Evodi alisubiri injini ipoe.

Alipofungua kifuniko nasi tukakandamiza, kikatoka kiputo kimoja kikubwa cha hewa, maji yakashuka kikombe kizima. Rubani aliinama akaangalia pale. Kisha akasema kwa sauti ndogo kwamba injini ingewachemkia juu ya pori, ambako hakuna pa kutua. Evodi akajaza kile kikombe, akafunga, akapanda tena. Waliruka, wakazunguka mji, wakarudi.

Jioni nilimuuliza aliwezaje kusikia hewa katika kelele zile.

"Sikusikia kitu, ndugu yangu," akasema. "Nilikuwa natafuta sababu ya kushuka."

Nikamuuliza, sasa kwa nini alipanda tena.

"Sababu si tulishaitoa?"