Mapigo ya Mama Mkwe

Pale kwetu Makote mwenye saa ya mkononi nilikuwa mimi peke yangu, na sioni haya kusema kwamba nilijisikia. Nilikuwa mwalimu kijana, nimeoa hukohuko na kujenga jirani na wakwe. Basi mama mkwe alipoanza kuvimba uso, kusinzia mchana na kujifunika blanketi jua likiwaka, mimi na mke wangu tulimpeleka kwa lori hospitali ya misheni, Masasi.

Sista alimpapasa shingo akasema tezi imelegea, ndiyo maana mwili umepoa. Akachukua damu ipelekwe Dar es Salaam, akatupa vidonge, viwili kwa siku.

"Mwalimu, wewe una saa," akaniambia. "Kila asubuhi mhesabieni mapigo ya moyo dakika nzima, kabla hajainuka kitandani. Yakienda mbio, dawa imezidi. Yakizorota, haitoshi."

Kabla hajainuka! Jamani, mimi mkwe nisogelee kitanda cha mama mkwe? Tukatengeneza adabu yetu: mama aamke, avae vizuri, akae mlangoni kwa ndani, mke wangu amshike mkono, nami nje na saa yangu niseme "Haya!" na "Basi!"

Mwezi wa kwanza uso ulinywea, akaanza kucheka. Kila alfajiri nilisikia kinu, du, du, mama akitwanga mtama wa uji wangu, maana ni aibu mkwe akukute hujashika kazi. Akishaweka mchi chini, tunahesabu. Tisini na sita. Mia na mbili. Nikaandika kwa mwandiko safi, nikatuma Masasi. Sista akajibu: punguzeni, kidonge kimoja. Nikatuma tena. Nusu.

Kinu kikaanza kwenda polepole. Mama akarudi kwenye blanketi, sauti ikakwaruza, na siku moja jina la mjukuu wake likampotea kabisa. Mke wangu alilia. Mimi nikamwambia daftari halisemi uongo. Mjinga mimi!

Tukapanda lori tena. Sista akatazama daftari, akamtazama mgonjwa, asielewe. Akachukua damu nyingine, tukangoja majibu wiki tatu roho juu.

"Mafuta ya damu yamepanda kuliko mara ya kwanza," akasema majibu yalipofika. "Tezi ikilegea, nayo hupanda. Dawa haimtoshi hata kidogo. Hebu niambieni, huwa mnamhesabia wapi?"

Nikamweleza adabu yetu yote, hata kinu cha alfajiri, kwa fahari kabisa. Akaweka kalamu mezani.

"Akitoka kutwanga?"

Nilitamani ardhi inimeze. Akaagiza kidonge kimoja wiki hiyo, kisha viwili, na mapigo yahesabiwe mama akiwa amelala.

Asubuhi ya kwanza nyumbani nilivua saa nikampa mke wangu. Kumfundisha kulinichukua dakika tano tu, dakika nilizomnyima miezi yote ile kwa sababu ya majivuno. Nikakaa nje, kinu kimya.

"Hamsini na mbili," akasema kutoka ndani.

Mtu wa mapigo hamsini na mawili ndiye niliyekuwa nikimpunguzia dawa! Vidonge viwili vilimrudisha, ashukuriwe Mungu, lakini asubuhi ile sikujua kama vitamrudisha, nikalia kwa sauti, mwalimu mzima.

Mama alinisikia.

"Usijilaumu, mkwe wangu," akasema taratibu kutoka kitandani. "Maneno ya sista niliyasikia tangu siku ile ya kwanza. Niliona afadhali nife nimevaa vizuri kuliko unikute nimelala."