Bakuli la Kitaya

Cheka kwanza, nitakungoja umalize. Mimi ni mchungaji, kazi yangu ni kuanzisha makanisa mahali ambapo hayapo, na sina haja ya kumdanganya mtu kwa habari za wafu. Nilichokiona Kitaya nilikiona mchana kweupe, jua la utosi, nimeshiba ugali wangu.

Mimi si mtu wa huku. Nilizaliwa Mbeya, wito ukanileta kusini. Mpapura tulianza chini ya turubai, Kilambo tukaezeka bati. Kila niendako naomba kiwanja, nakifyeka kwa mkono wangu, nachimba msingi kabla watu hawajapoa. Kitaya tulipewa kiwanja na Bibi Somoe, Mwislamu, mkulima wa korosho. Alisema, "Baba mchungaji, wajukuu zangu wanasomeshwa na walimu wa kwenu. Jengeni, tuwe majirani."

Nilipokuwa nafyeka kona tuliyoikusudia kwa madhabahu, nikakuta bakuli la bati limefunikwa mchangani, kinywa chini, limetobolewa katikati. Takataka, nikasema, nikalirusha majanini. Wewe ungefanya nini?

Mafundi walipokwenda kula nikabaki peke yangu nanyoosha kamba ya msingi. Mama mmoja akaja kutoka upande wa mto, mtu mzima, ana chale usoni, kitenge kimepauka. Nikamwamkia shikamoo.

"Naomba bakuli langu," akasema.

"Bakuli gani, mama?"

"Lile ulilotupa."

Nikamwonea huruma. Nikamwambia lile limetoboka, nikampa langu la maua, ambamo mke wangu hunifungia chakula. Alilipokea kwa mikono miwili, akaligeuzageuza, akanirudishia.

"Zima silitumii mie."

Akaingia majanini, akaliokota lake, akalifunika palepale lilipokuwa, akakaa kando yake. Nikainama kutia bakuli langu kwenye mfuko wangu wa chakula. Nilipoinua kichwa, hakuna mtu. Mchanga wa pale ni laini, hata kuku akipita utajua. Nyayo zilikuwa zangu tu.

Nikakemea kwa jina la Yesu, tena kwa sauti, maana ndiyo kazi yangu. Kisha nikaenda kwa Bibi Somoe, nikamsimulia.

Alikuwa anabangua korosho. Akaacha. "Wakati wa vita vya ng'ambo ya mto, mama mmoja alivuka kukimbilia huku, akafia shambani kwa baba. Hatukulijua jina lake wala dini yake. Baba akamzika, akamwekea bakuli lake juu. Kwetu la marehemu hutobolewa, mtu asije akalichukua. Mie nilikuwa mdogo, nikasahau ni wapi. Kumbe ni hapo."

Saruji ilikuwa imeshafika, mvua zinakaribia, na wazee wa kanisa mjini walitaka jengo lifuate ramani, la sivyo wangejenga kwingine. Niliogopa kulikosa kanisa lile kuliko nilivyomwogopa yule mama. Hata hivyo niliwaambia mafundi waikate ile kona, na wazee nitawajibu mwenyewe. Waliguna, wakakata. Kanisa la Kitaya lina pembe tano, nenda ukahesabu, na Jumapili hupati pa kukaa. Nje ya ukuta Bibi Somoe hufagia kaburi. Ndani haingii, nami simshurutishi.

Lakini jioni ya siku ile niliyomwona yule mama, nyumbani, mke wangu alipoosha bakuli langu, maji yalivuja. Tundu moja, katikati, bila ufa. Si nilikwambia alilishika kwa mikono miwili? Mke wangu akataka litupwe. Nikakataa, nikalirudisha Kitaya, nikalifunika kando ya lile lake. Tangu hapo nikifika kijiji kipya naulizia makaburi kwanza, kiwanja baadaye.

Nawe unayekwenda kujenga ugenini, usifunue usichokifunika. Ukidaiwa bakuli, litafute lilelile, usitoe lako. Langu mimi limeshatangulia kaburini. Naimba, nabatiza, sina hofu, na siku yangu ikifika wanangu wanajua pa kunipeleka.