Sanduku Kichwani mwa Susu Kalondu

Kabla hujaondoka, mwanangu, siku moja naikumbuka vizuri, hata viatu nilivyovaa: vyeusi, vya kanisani, vya kubana. Ilikuwa miaka ya sabini, hapa hapa Kathonzweni. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, na sikuwa nimemaliza kitu kingine chochote. Mke nilikuwa naye, Mutheu, mama yako huyu huyu anayekukaripia ukimwaga uji, na mtoto wetu Mwende alikuwa anatambaa. Shamba letu lilikuwa la mteremko. Mvua ikinyesha, maji yalipita mbio kwenda mtoni yakibeba udongo na mbegu.

Rafiki yangu Kioko alikuwa amerudi kutoka Mombasa na redio na miwani ya jua. Akaniambia mwanamume hakai nyumbani kama kuku anayeatamia. Maneno hayo yaliniuma, maana kukaa nyumbani ndiyo kazi niliyoijua zaidi. Tukapatana tukutane Kibwezi, tupande basi la Mombasa pamoja, nikatafute kazi.

Shida ni kwamba siku hiyo mwethya ulikuwa unakuja kwetu. Unaujua: majirani wanachimba kwa huyu leo, kwa yule kesho, na mwenye boma anawapikia na kuchimba pamoja nao. Walikuwa waje kutuchimbia mitaro ya kuzuia maji. Mutheu nilimwambia asubuhi hiyo, akiwa anachagua maharagwe ya muthokoi, ya kupika pamoja na mahindi yaliyokobolewa. Hakulia. Aliniuliza tu kama jembe zuri ninaliacha.

Nikatoka na sanduku langu. Kwenye kona nikakutana nao wote, majembe mabegani, wakiimba. Mbele alikuwa Susu Kalondu, bibi mzee aliyeongoza kikundi. Nikamsalimia nikiangalia chini. Hakuuliza safari ni ya wapi. Viatu vilikuwa vimeshamwambia. Alilichukua sanduku, akajitwika kichwani, akasema polepole:

"Baba Mwende, sisi sote tunakuja kwako. Wewe unaenda kwa nani?"

Nikanyoosha mkono nilichukue sanduku langu. Naye akaendelea kutembea kuelekea kwangu. Ningefanya nini? Nguo zangu zote zilikuwa humo. Nikafuata.

Nilichimba nikiwa na viatu vya kanisani mpaka kimoja kikafungua mdomo. Wanawake wakacheka, wakaniita Bwana Mombasa, na wengine wananiita hivyo mpaka leo. Wakati wa kula, Mutheu alinipa sahani ya muthokoi iliyojaa kuliko zote.

Mvua ya Novemba ilipokuja, tulisimama mlangoni tukayaona maji yakifika kwenye mtaro na kutulia.

"Hata yenyewe yameamua kukaa," akasema Mutheu.

Mwanangu, sikukatazi kusafiri. Kioko alienda na akaishi vizuri. Lakini usiondoke kwa sababu ya miwani ya mtu. Chimba kwa wenzako, na zamu yako ikifika wakukute nyumbani. Ukipata mtu anayekuuliza habari ya jembe wakati angeweza kulia, mshike huyo, na umsaidie kuchagua maharagwe. Kuridhika hakukunijia kwa kuwaza. Kulinijia mgongo ukiuma na sahani ikiwa imejaa.

Basi nenda. Mungu akupe mvua inayotulia shambani mwako, na majirani wasiochoka kuja kwako. Na viatu, akupe vinavyokutosha.