Kovu la Kinenani

Mke wangu alipelekwa ng'ambo na Serikali kupasuliwa moyo. Aliporudi kwetu Mollo alikuwa na makovu mawili: moja refu katikati ya kifua, lingine fupi kinenani, upande wa kulia. La kifuani nililielewa. Hili la pili lilininyima raha kabisa.

"Moyo uko kifuani, mwanangu," mama aliniambia. "Huko chini walitafuta nini?"

Tulikuwa na binti mmoja tu. Basi nikashikilia kwamba wamemfunga kizazi, na kwamba anajua ila ananificha. Nilipomuuliza, alijibu papo hapo kwamba alikuwa amelazwa usingizi, angejuaje? Wasiwasi ukazidi. Mimi ndivyo nilivyo: ukinijibu haraka nakushuku, ukichelewa ndiyo kabisa.

Alikuja na barua ya hospitali, ya Kiingereza. Siku ya zamu yangu kwenye shamba la kijiji nilisingizia homa, nikaichukua barua bila kumwambia, nikadandia lori hadi Sumbawanga kumwona daktari.

"Ndugu," alisema alipomaliza kusoma, "moyo ukisimamishwa, mashine ndiyo inasukuma damu. Damu hiyo lazima irudishwe mwilini kwa mshipa mkubwa. Kawaida mrija unaingizwa kwenye mshipa mkuu, pale juu ya moyo. Wa mkeo ulikuwa umevimba, ukuta umelegea. Wangeutoboa ungechanika, angefia mezani."

"Si wangetoboa mkono?"

"Mshipa wa mkono mwembamba, hautoshi damu ya mwili mzima. Wa paja ulikuwa mpana na mzima, wakauchagua huo. Mrija ukapita hapo kinenani."

"Na kizazi?"

"Hakikuguswa."

Nikamwambia asome tena. Akasoma tena, kidole kikifuata mistari.

Nilirudi nyumbani mwepesi kweli. Mke wangu alikuwa uani akipepeta ulezi. Nilimpa barua yake, nikamweleza yote, nikangoja afurahi.

"Kumbe kovu la chini umelifuata mpaka mjini," alisema, ungo umetulia mapajani. "Hili la juu, tangu nirudi, hujaniuliza hata kama linauma."

Niliona aibu, masikio yakawaka moto. Nikamuuliza kama linauma.

Akanitazama jinsi mimi ninavyowatazama watu, kisha akaendelea kupepeta.