Bendera tisa za Shela

Jamani, nimeduwaa!

Jana nilimsaidia Bwana mmoja Mzungu kupanga uwanja wake wa gofu kwenye mchanga wa Shela. Mashimo tisa, kila moja na bendera nyeupe. Akaniambia uwanja uliopangwa vizuri humwongoza mgeni shimo hadi shimo, asiulize ndia, kisha humrudisha alipoanzia.

Leo asubuhi tumekuta akina mama wanafukiza ubani.

Kila shimo!

Wameona bendera nyeupe kama za ziarani, wakadhani ni makaburi ya masharifu. Wamezunguka yote tisa kwa mpango wa Mzungu, bila kuelekezwa na mtu.

Mzungu anachekelea: uwanja wake umefaulu.

Mbele yao nani? Mama yangu!

“Mwanangu, huyu wa mwisho nimemlilia sana kwa ajili yako. Jina lake nani?”

Nimjibu nini, jamani? Shimo hilo nimelichimba mimi.