Kikojozi wa Sista

Muuguzi wa wodi ya watoto, ambaye kila mtu alimwita Sista, alikwenda shingo upande kwenye semina ya magonjwa ya mkojo kwa watoto. Alijiona anayajua yote, kwani bintiye mwenyewe alikuwa kikojozi. Alimchapa na kumbebesha godoro mbele ya majirani, mpaka binti alipokua akahama nyumbani.

Daktari aliyefundisha akasema, "Msichana akienda chooni kama kawaida, lakini nguo zake hazikauki mchana wala usiku, huo si uvivu. Mrija unaotoa mkojo kwenye figo umetokea pasipo pake, nje ya kibofu. Utafiti uko wazi: fimbo haisaidii kitu, upasuaji humponya."

Sista akakumbuka nguo za bintiye, zilizokuwa hazikauki mchana wala usiku. Wakati wa chai akatoka nje, akampigia bintiye simu.

"Mwanangu, kumbe ulikuwa mgonjwa! Njoo upasuliwe, nitakuuguza mwenyewe."

"Nilishapasuliwa, mama. Hapo hapo hospitalini kwako, ulipokuwa likizo. Nilisubiri uondoke."

"Mbona hukuniambia?"

"Ungewasimulia wenzako mnicheke. Haya, hongera kwa semina."

Binti akakata simu. Wenzake wa semina walikuwa wanamwita Sista kwenye picha ya pamoja, naye akaenda, akasimama mstari wa mbele, akatabasamu alipoambiwa.